“Ni kweli, lakini…”: Mdogo wangu akubali kosa la trafiki ili mambo yaishe?

*“Asalaam aleikum, wakili. Mdogo wangu ana miaka 26, anaendesha tuktuk ya mtu na kila jioni hupeleka hesabu. Wiki tatu zilizopita alimgonga mama mmoja karibu na soko la Kongowea hapa Mombasa, mguu ukavunjika. Mwenyewe alimpakia akamkimbiza hospitali ya Makadara, kisha akaenda kuripoti polisi. Ameshtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na kosa la pili ni kutokuwa na leseni mfukoni siku ile. Alitoka kwa dhamana ya polisi ya elfu kumi, na wiki ijayo anasomewa mashtaka. Anasema mama alichomoka kati ya matatu mbili zilizosimama. Lakini mimi dada yake ameniambia pia kwamba wakati ule alikuwa amegeuka nusu kumrudishia abiria chenji. Mwenye tuktuk anataka akubali tu, alipe faini, chombo kitoke kituoni. Madereva wenzake wanasema vivyo hivyo. Na familia ya yule mama tumeshakaa nao, tumelipa sehemu ya bili, wamesema wamesamehe. Tena kuna kijana pale kortini anasema kwa elfu kumi na tano faili haitaonekana. Naogopa asije akaishia gereza la Shimo la Tewa. Tufanye nini?”*

Waaleikum salaam, dadangu. Poleni nyote, na pole zaidi kwa yule mama.

Nianze na linalokunyima usingizi. Dereva ambaye hajawahi kushtakiwa, hakulewa, hakutoroka, na aliyemjeruhi mtu bila kumuua, kwa kawaida hatolewi kizimbani akapelekwa Shimo la Tewa kwa shtaka la kuendesha bila uangalifu. Sheria inampa hakimu uwezo wa kumfunga, hilo sitakuficha. Lakini njia ya kawaida ni faini, na jela huja pale faini inaposhindwa kulipwa. Hapo nitarudi, kwa sababu ndipo watu wengi wanaponaswa.

Mdogo wako pia alifanya mambo mawili ambayo wengi hushindwa kuyafanya wakiona damu: alisimama, na akaripoti. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika na ajali ya kuumiza mtu asimame, na kama hakukutana na polisi papo hapo, aripoti haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) aliyopewa siku ile iandikeni mahali. Itawafaa.

Tatizo ninaloliona ni jingine. Mna washauri watatu na kila mmoja ana shida yake. Mwenye tuktuk anataka chombo chake. Madereva wanamwambia walilolifanya wao, tena wengi wao walishtakiwa kwa kubeba abiria kupita kiasi au kushusha watu pasipo na steji. Yule kijana anataka elfu kumi na tano. Hakuna hata mmoja aliyekaa akajiuliza neno “nakubali” litamfuata mdogo wako mpaka wapi.

Tuanze na msamaha, maana hapo ndipo familia nyingi za hapa Pwani hukosea kwa nia njema. Mmekaa na wenzenu, mmezungumza kiungwana, mmelipa. Vizuri sana. Lakini tazama hati ya mashtaka imeandikwaje juu: Jamhuri dhidi ya fulani. Anayeshtaki si mama wa Kongowea. Yeye ni shahidi, tena shahidi mkuu. Kesi iko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye Katiba ya 2010, Ibara ya 157, imempa mamlaka ya kuanzisha kesi na kuiondoa, na kuiondoa kwenyewe kunahitaji ruhusa ya mahakama. Kwa hiyo mama akisema “nimesamehe”, hajafunga faili. Amempa kiongozi wa mashtaka sababu ya kufikiri.

Kuna kifungu cha 176 katika Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinachomruhusu hakimu kuhimiza suluhu katika makosa madogo ya mtu na mtu, mfano jirani kumpiga jirani kofi. Baadhi ya familia huja nacho kortini kwa matumaini makubwa. Ugumu ni kwamba uendeshaji mbaya barabarani huhesabiwa kuwa kosa linalougusa umma: leo ni mama huyu, kesho ni mtoto wa shule. Kiongozi wa mashtaka akikataa, ana hoja. Akikubali, mara nyingi ataiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a). Jueni basi kwamba kesi ikiondolewa hivyo kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, haijafa. Inaweza kufunguliwa upya. Msichinje mbuzi siku hiyo.

Msamaha huo una kazi kubwa mahali pengine, nao ni wakati wa hukumu.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Nenda ukakae nyuma katika korti ya trafiki asubuhi moja utaona. Majina yanaitwa, mashtaka yanasomwa, na sauti zinafuatana: ni kweli, ni kweli, ni kweli. Kwa yule aliyekuwa bila mkanda, sawa, na pengine hana la kupoteza. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimeliwekea kosa hilo faini ya papo hapo ya shilingi 500. Kutoonyesha leseni ni 1,000, kutumia simu ukiendesha ni 2,000. Kosa la pili la mdogo wako liko katika kundi hili. Kama kweli leseni alikuwa nayo na ni halali, ila ilibaki nyumbani, akubali kosa hilo, aende na leseni yenyewe siku hiyo aionyeshe. Kila shtaka hujibiwa peke yake, kwa hiyo anaweza kusema “ni kweli” kwa leseni na “si kweli” kwa ajali. Madereva wengi hawalijui hili. Hudhani wakishakubali moja wamekubali yote.

Shtaka la kwanza ni jambo jingine kabisa. Akisema “ni kweli”, na maelezo ya kesi yakasomwa akasema tena “ni kweli”, anatiwa hatiani hapo hapo. Hakuna shahidi atakayeulizwa maswali. Hakuna atakayeuliza matatu zile zilisimama wapi. Na mlango wa rufaa unabaki upenyo: aliyekiri mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu.

Tena haliishii hapo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, inasema hukumu ya mwisho ya jinai iliyomtia mtu hatiani ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa hilo. Yaani yule mama, au mwanawe, au wakili atakayemfuata wodini, ana miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi ya madai ya fidia. Wakifika huko watatoa karatasi moja tu: dereva alikiri. Mahakama ya madai bado inaweza kupima kama mama naye alichangia ajali kwa namna alivyovuka, lakini mdogo wako hataweza kusema hakuwa na kosa. Na kesi hiyo haitamgusa yeye pekee. Itamfuata mwenye tuktuk na kampuni yake ya bima. Kwa hiyo mwenye tuktuk anayemsukuma kijana akubali haraka anajichimbia shimo mwenyewe bila kujua. Mwambie. Mwulize pia kama ameshaiarifu bima yake kwa maandishi, maana mikataba mingi ya bima inataka taarifa ya mapema na inakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini yao. Hata hizo pesa mlizolipa hospitali, bima ijulishwe.

Na tuktuk yenyewe? Kutoka kwake kituoni hakutegemei jibu la kizimbani. Polisi wanakishikilia chombo ili kikaguliwe: breki, usukani, matairi, kuonekane kama ubovu ulikuwepo kabla ya ajali. Ukaguzi ukishafanywa na ripoti kuandikwa, mwenye chombo anaweza kuomba kiachiliwe, na akizungushwa anaweza kuiomba mahakama itoe amri. Picha zitabaki kuwa ushahidi. Kumfanya kijana akiri ili tuktuk itoke ni kulipa nauli ya Lamu ili ufike Likoni.

Turudi kizimbani, kwa sababu kuna neno moja dogo ninalotaka alijue kabla ya wiki ijayo. Neno hilo ni “lakini”.

Utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na mahakama zetu zinaufuata mpaka leo. Mashtaka yasomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Jibu lake liandikwe, kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze tukio lilivyokuwa, na mshtakiwa apewe nafasi ya kukubali, kukanusha au kuongeza. Akiongeza jambo linaloonyesha kwamba hakubali kosa lenyewe, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekataa, kesi iende kusikilizwa.

Kwa hiyo dereva akisema, “Ni kweli nilimgonga, lakini alichomoka ghafla,” hajakiri kosa. Amekiri kwamba ajali ilitokea. Kugonga si kosa la jinai. Kosa ni kuendesha bila uangalifu. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea, maana kwa Kiswahili cha kawaida “umemgonga mtu?” na “umekosa?” yanakaribia kuwa swali moja. Hakimu makini hulisikia lile “lakini” na kusimamisha mambo. Lakini asubuhi ina majina mengi, karani anaita la pili, na kijana mwenye hofu husema “ni kweli” kisha akameza yaliyobaki. Mwambie mdogo wako: kama una “lakini”, iseme kwa sauti.

Je, anayo ya haki? Hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mahakama haiulizi nani aliumia. Inauliza dereva aliendeshaje ikilinganishwa na dereva mwangalifu na mzoefu. Katika uamuzi wa 1975 kuhusu uendeshaji wa hatari uliosababisha kifo, ambao mawakili bado tunaunukuu, ilielezwa kwamba haitoshi kuonyesha hali ilikuwa ya hatari. Lazima kuwe na kosa upande wa dereva lililoileta hali hiyo, yaani aliteremka chini ya kiwango cha uangalifu au ustadi wa dereva anayejua kazi. Shtaka la mdogo wako ni dogo kuliko lile, lakini fikra inasaidia. Mtembea kwa miguu akitokea mbele ya gurudumu ghafla kiasi kwamba hata dereva bora asingeweza kufunga breki, dereva hana hatia, hata mguu ukivunjika mara mbili.

Upande wa pili ni Kongowea, na kila mtu anaijua Kongowea. Mikokoteni, mama mboga, wachukuzi wenye magunia, matatu zimesimama zikiita abiria. Dereva mwangalifu akiona matatu mbili zimesimama pale anatarajia mtu atoke katikati yake, kama unavyotarajia maji ukifika ferini. Anapunguza mwendo, mguu unakaa juu ya breki. Na mdogo wako anasema alikuwa amegeuka nusu kutoa chenji. Mambo yote mawili yanaweza kuwa kweli: mama alichomoka, na kijana hakuwa anatazama. Kama abiria yule ameandikisha maelezo polisi akasema “alikuwa ananirudishia pesa”, basi kesi ya utetezi ni ngumu, na kwa maoni yangu kukiri mapema kunaweza kuwa ndiyo njia bora. Kama hakuna shahidi wa jambo hilo, bado sitamshauri apande kizimbani aape kwamba alikuwa anatazama mbele. Ana haki ya kunyamaza, na mzigo wa kuthibitisha kosa ni wa upande wa mashtaka. Haki ya kusema uongo chini ya kiapo hana.

Ndiyo maana jibu langu kwa wiki ijayo si “akubali” wala “akatae mpaka mwisho”. Asikubali shtaka la kwanza siku hiyo kabla ya kuona ushahidi. Katiba, Ibara ya 50, inampa haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka utautegemea na kupewa muda wa kutosha kujiandaa. Aseme: “Si kweli, Mheshimiwa, na naomba nipewe nakala ya maelezo ya mashahidi, mchoro wa ajali na ripoti ya ukaguzi.” Akishavisoma na wakili, anaweza kubadili jibu na kukiri wakati wowote kabla ya hukumu. Kutoka “si kweli” kwenda “ni kweli” ni njia nyepesi. Kurudi kinyume chake ni mlima, na hakimu halazimiki kukubali.

Njia hii ina gharama. Kila siku ya kutajwa au kusikilizwa kesi ni siku asiyopeleka hesabu, na kesi huahirishwa: shahidi hakuja, polisi amehamishwa, faili halijapanda. Tena anayekiri mapema huhesabiwa kuwa ameokoa muda wa mahakama na kuonyesha majuto, na hilo hupunguza adhabu. Akikiri baada ya mashahidi watano, punguzo huwa dogo. Kwa hiyo msikae miezi. Someni faili, amueni. Kuna pia makubaliano na upande wa mashtaka yanayoruhusiwa na sheria, ambapo wakili huzungumza nao wakakubaliana juu ya shtaka au maelezo ya kesi. Katika kesi ambayo mwathiriwa ameshasaidiwa, mazungumzo hayo huwa na mahali pa kuanzia.

Tuseme ametiwa hatiani, kwa kukiri au baada ya kusikilizwa. Hakimu anafikiaje adhabu? Watu hudhani kuna bei, kama sokoni. Hakuna. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki kinaweka kikomo cha juu cha faini na cha kifungo, na chini ya hapo hakimu hupima, akiongozwa na miongozo ya adhabu ya Idara ya Mahakama iliyotolewa 2016 na kurekebishwa 2023. Anatazama kama kulikuwa na pombe, mwendo wa kasi mjini ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa, chombo kibovu, kutoroka, au rekodi ya makosa ya nyuma. Hayo huongeza. Upande wa kupunguza anatazama alichofanya baada ya ajali, majuto, umri, wanaomtegemea, na kama mwathiriwa amehudumiwa. Majaji wetu wamesema kwa miaka mingi kwamba makosa haya mara nyingi hutendwa na watu ambao si wahalifu kwa tabia, na kwamba jela inafaa zaidi palipo na ulevi au ukaidi wa wazi.

Hapo ndipo msamaha wenu unapofanya kazi. Lakini uje na mwili. Risiti za Makadara mlizolipa, karatasi iliyosainiwa inayoonyesha mmetoa kiasi gani na lini, na kama mama yuko radhi, aje aseme mwenyewe au amweleze afisa wa urekebishaji tabia atakayeandika ripoti. “Tumeelewana, Mheshimiwa” bila karatasi ni maneno tu, na hakimu ameyasikia mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Hakimu anaweza pia kuagiza fidia kwa aliyeumia, kwa hiyo risiti zitawakinga msilipe jambo moja mara mbili.

Nimeahidi kurudi kwenye faini. Hakimu akisema “faini kadhaa au kifungo cha muda fulani”, ule muda ni wa asiyelipa. Kanuni za Adhabu, kifungu cha 28, zimeweka ngazi: faini isiyozidi shilingi 500, kifungo kisizidi siku 14, hadi 2,500, mwezi 1, hadi 15,000, miezi 3, hadi 50,000, miezi 6, ikizidi 50,000, miezi 12. Hivi ndivyo mtu aliyehukumiwa faini ya elfu ishirini anavyolala Shimo la Tewa: hakufungwa kwa ajali, amefungwa kwa kukosa elfu ishirini saa nane mchana. Kwa hiyo siku ambayo hukumu inaweza kutolewa, nendeni na pesa au na mtu wa kuzileta upesi. Zile elfu kumi za dhamana, risiti iko wapi? Itafuteni leo. Kesi ikiisha ni pesa zenu, na zinaweza kuombwa zihesabiwe kwenye faini. Akishindwa kulipa zote, aombe muda au kulipa kwa awamu. Mahakama ina uwezo huo. Na hata akiwa ameshaingia ndani, kiasi kitakacholipwa kinapunguza siku kwa uwiano wake.

Adhabu si faini au jela peke yake. Hakimu anaweza kumwachilia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi wa afisa wa urekebishaji tabia, au kumpa kazi za jamii chini ya sheria ya 1998: kufagia, kulima, kupaka rangi shule. Kijana anayetegemewa nyumbani anaweza kuliomba hilo waziwazi anapopewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu. Wengi nafasi hiyo huitumia kusema “naomba msamaha” na kuketi. Aseme anamlea nani, alimpeleka nani hospitali, amelipa nini. Leseni nayo iko hatarini, maana mahakama inaweza kuisimamisha au kuifuta, na kwa mtu anayekula kwa usukani hiyo ni adhabu nzito kuliko faini. Wakili ataje hilo. Asipoona adhabu ni ya haki, rufaa inakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

Jambo moja silipendi kulitaja lakini lazima. Mfuatilieni mama hali yake. Mfupa wa mtu mzima unaweza kuleta matatizo. Mungu apishe mbali akifariki kwa sababu ya majeraha yale kesi ikiwa bado inaendelea, upande wa mashtaka unaweza kubadilisha shtaka kuwa la kusababisha kifo, kifungu cha 46 cha sheria hiyo hiyo ya trafiki. Hiyo ni kesi nyingine: kifungo hadi miaka 10, na leseni inafutwa kwa miaka 3 kwa lazima. Likitokea hilo msiende kortini bila wakili hata siku moja.

Yule kijana wa elfu kumi na tano. Dadangu, faili haipotei. Shtaka lina nakala polisi, nakala kwa waendesha mashtaka, na kumbukumbu kortini. Mara nyingi yeye hata si mfanyakazi wa mahakama. Anakaa pale nje akisikiliza majina. Mdogo wako akiambiwa “usije, tumemaliza”, jina litaitwa, hayupo, hati ya kumkamata itatolewa na zile elfu kumi za dhamana zitachukuliwa na serikali. Na chini ya Sheria ya Hongo ya 2016 mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, kifungo chake kikifika miaka 10. Mtakuwa mmetoka kwenye kesi ndogo mkaingia kubwa. Malipo yoyote ya mahakama yafanywe kwa njia rasmi yenye risiti, kamwe si kwa nambari ya simu ya mtu.

Mnahitaji wakili wa kukaa naye, au mimi nimetosha? Kwa kosa la leseni peke yake ningesema nendeni wenyewe. Kwa hili la mguu uliovunjika, tafuteni mtu asome faili nanyi ana kwa ana, angalau mara moja kabla ya kuamua jibu. Mimi sijaona mchoro wala maelezo ya mashahidi. Kama fedha hakuna, ulizeni Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria ambacho kina ofisi hapa Mombasa. Hakikisheni pia kwenye hati kama korti ni ya mjini au ya Shanzu. Nimeona watu wakikaa saa tatu katika jengo lisilo lao huku jina likiitwa kwingine.

Na endeleeni kwenda kumjulia hali yule mama. Hakuna sheria inayowakataza kumpelekea matunda na kumlipia dawa. Msimwombe tu asije kortini, wala msimpe karatasi aliyoiandika mtu mwingine asaini akiwa kitandani, kwa sababu yeye ni shahidi, na upande wa mashtaka unaweza kuona mnamvuruga. Mwende wewe na mamako, kijana abaki nyumbani mpaka wakili aseme.